Vanishi ya Maji Mahali Maji Huletwa na Punda: Mwongozo kwa Wenye Gereji

Mwongozo huu ni wa watu wachache wenye subira nyingi: wakazi wa Kitui na Makueni walio na gereji ya nyumbani yenye milango ya mbao. Wenye geti la chuma hatuwahitaji hapa. Wao hupaka rangi nyeusi, huchorewa simba wawili, na maisha yakaendelea. Wewe uliagiza mbao. Mwaka ule biashara ilipochangamka ulimwambia seremala akutengenezee milango ya heshima, akaipaka vanishi ya mafuta, na kwa miezi kadhaa kila mpita njia aliuona uso wake ndani yake. Sasa juu imekuwa kijivu, chini nyeusi, katikati inabambuka vipande vipande, na Desemba inakuja na jamaa wote wa Nairobi, kila mmoja na simu yenye kamera.

Usihofu. Fuata hatua hizi za kupuliza vanishi ya maji. Ukizifuata kwa mpangilio, milango itapendeza. Ukizifuata kwa namna ambayo kwa kawaida huwa tunazifuata, itapendeza hadi tarehe mbili Januari.

Hatua ya 1: Toa gari ndani ya gereji

Hatua hii ni rahisi, kwa sababu gari halimo. Gari liko nje chini ya mwembe, lilipo tangu nyumba ikamilike. Ndani ya gereji mna magunia ya ndengu yanayongoja bei ipande, mabati yaliyobaki, baiskeli isiyo na mnyororo, na kuku anayetamia ambaye hakuna aliyempa kibali. Toa vyote. Vumbi la gunia la ndengu likipeperuka juu ya vanishi mbichi halitoki tena bila msasa, na kuku hasomi kibao cha "Rangi Mbichi".

Kisha fungua bawaba, uilaze milango juu ya vigoda. Vanishi ya maji ni nyepesi, na kwenye mlango uliosimama hupenda kuteremka na kuacha machozi. Mlango uliolazwa haulii. Fundi atasema milango ni mizito, ipulizwe ikiwa imesimama. Kumbuka kwamba fundi ataondoka na wewe utabaki na machozi.

Hatua ya 2: Ujue ubao wako

Nchini Kenya kila ubao mwekundu ni mahogani siku ya kununuliwa. Miaka mitatu baadaye ndipo hubainika kwamba ulikuwa mkaratusi. Kama una bahati, milango yako ni ya mvule, au ya mukau, mti wa kwetu usiohitaji kuomba visa. Mukau humea katika nchi kavu za Afrika Mashariki, Kitui na Makueni zikiwemo, na ubao wake hauliwi ovyo na mchwa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Kitui ambacho kimeushughulikia mti huu kwa miaka mingi, na mwaka 2012 ilianza mradi na Wajapani wa JICA wa kuzalisha miche bora inayostahimili ukame. Mbegu yake ni kaidi: lazima kokwa lipasuliwe na mbegu ichanjwe kwa wembe ndipo iote. Mti uliosumbua watu hivyo kuzaliwa haustahili kufa kwa vanishi mbovu.

Ubao wenye tanini nyingi hubadilika kuwa mweusi unapokutana na chuma na maji kwa pamoja. Kwa hiyo misumari yote iliyotokeza vichwa izamishwe, mashimo yazibwe, na bawaba zenye kutu zishughulikiwe kabla tone la vanishi halijamwagwa.

Hatua ya 3: Fahamu adui ni nani

Wengi hudhani adui wa mlango ni mvua. Ukambani! Mvua hapa ni mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mara nyingine hutuma salamu tu. Adui ni jua. Mji wa Kitui uko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua hupita utosini. Miale yake ya urujuanimno hupenya vanishi angavu bila kubisha hodi, ikaivunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za ubao.

Matokeo yake ni ya kusikitisha kwa anayependa kulaumu duka la rangi. Bandua kipande cha vanishi ya zamani ukigeuze. Ukiona nyuzi za mbao zimeng'ang'ania nyuma yake, basi vanishi haikuuachilia ubao. Ubao ndio uliojiachilia wenyewe, na vanishi imebaki imeshika vumbi la mlango.

Ndiyo maana vanishi angavu kabisa, ile inayoitwa "kioo" na wauzaji, ni ya meza ya sebuleni. Mlango wa nje unataka vanishi ya nje iliyotiwa kemikali za kunyonya urujuanimno, na zaidi ya hapo unataka rangi kidogo: kahawia, chai ya maziwa, au wekundu wa mukau wenyewe. Chembe za rangi ndizo mwavuli halisi. Jirani atasema umeficha uzuri wa ubao. Mwambie uzuri wa mlango wake ulikwisha onekana na jua, likauchukua.

Hatua ya 4: Elewa unachonunua

Fungua kopo la vanishi ya maji na utaona kitu cheupe kinachofanana na maziwa. Usirudi dukani kugombana. Ndani ya maji hayo zimetawanywa chembe ndogo sana za akriliki au poliyurethani. Maji yakikauka, chembe husogeleana, hubanana na kuungana zikawa utando mmoja usio na rangi ya maziwa tena. Haina ule moshi wa thina unaowalewesha watoto, haishiki moto kopo likikaribia jiko, haigeuki manjano upesi, na utando wake hunyumbuka ubao unapovimba na kunywea kati ya masika na kiangazi.

Mzee wa jirani atakuuliza kama mvua ikinyesha itayeyuka, kwa kuwa imetengenezwa kwa maji. La hasha. Ikishaungana hairudi nyuma, kama ugali usivyorudi kuwa unga. Atatikisa kichwa na kwenda kuwaambia wengine kwamba umetapeliwa. Mwache, wapaka vanishi wote wa kwanza walidhihakiwa.

Hatua ya 5: Tubu kuhusu oili chafu

Sasa tuzungumze kwa siri. Je, kuna mtu yeyote, wakati wowote, aliyepaka milango hiyo oili chafu ya injini ili kufukuza mchwa? Usijibu haraka. Muulize mlinzi. Muulize shemeji aliyekaa pale ulipokuwa Mombasa. Mficha uchi hazai, na mficha oili hapaki vanishi ya maji.

Vanishi hii haikai juu ya mafuta. Ukipuliza juu ya ubao uliokunywa oili, utando utajikunyata na kuacha vishimo vya mviringo vilivyo wazi hadi kwenye ubao, na kila koti litakaloongezwa litajikunyata palepale. Jaribio ni dogo: dondosha maji kwenye ubao uliosafishwa. Yakisimama juu kwa dakika kadhaa bila kuzama, kuna mafuta au nta. Sugua kwa kitambaa chenye thina, badilisha kitambaa kila mara, acha ikauke kabisa, jaribu tena. Kama ubao wa chini wa mlango umeloa oili hadi ndani, ung'oe uweke mwingine. Ni nafuu kuliko ubishi.

Vanishi ya zamani nayo ina siri zake. Kitambaa chenye spiriti kikiilainisha, ni sheliki. Thina ikiiyeyusha, ni laka. Ikikataa zote mbili, ni vanishi ya mafuta au poliyurethani. Kwa mlango wa nje uliokwisha bambuka, jibu ni lilelile kwa zote: ondoa yote hadi ubao mtupu.

Hatua ya 6: Msasa, yaani kazi yenyewe

Hapa ndipo mwongozo wa kweli na desturi yetu huachana njia. Desturi husema: pitisha msasa namba yoyote iliyopo, kwa mkono mmoja, huku ukizungumza na simu. Mwongozo husema: anza namba 80 kuondoa vanishi na kijivu chote, endelea 120, malizia 150 au 180, kila mara ukifuata mwelekeo wa nyuzi. Kijivu chote, nimesema. Ule ni ubao uliokufa, na vanishi mpya ikishika maiti itazikwa nayo.

Usitumie ule waya wa kusugulia sufuria. Vipande vyake visivyoonekana hubaki ndani ya vinyweleo vya ubao. Vanishi ya maji ikifika, hushika kutu, na wiki ya pili mlango una madoa meusi ambayo mama mkwe atayaona kabla hajaketi.

Kisha lowesha ubao kidogo kwa kitambaa chenye maji safi. Nyuzi zitasimama, kwa sababu maji hufanya hivyo kwa kila ubao. Acha zikauke, zikate kwa msasa 180 au 220 bila kukandamiza. Asiyezisimamisha leo zitamsimamia kesho chini ya koti la kwanza.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usilipulize kwa mdomo. Mdomo una mate, na mara nyingi una mafuta ya mandazi.

Hatua ya 7: Tafuta maji

Naam, vanishi ya maji inataka maji: kidogo ya kuzimulia, mengi zaidi ya kuoshea bunduki ya kupulizia. Punda atakuletea mtungi wa lita 20 kutoka kisimani. Mshukuru punda, lakini usitie maji hayo kwenye vanishi kabla ya kuyaonja. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Kitui na Makueni ya chini yana chumvi, na chumvi ndiyo inayozifanya zile chembe zilizotawanyika zishikane mabonge kabla ya wakati. Utakuwa umepika uji wa bei ghali.

Tumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi, yaliyochujwa kwa kitambaa. Nayo yawe machache: asilimia tano, kumi ikizidi sana, na tu kama maelezo ya kopo yanaruhusu. Fundi atataka kuzimua kwa thina kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha. Mwondolee chupa ya thina mkononi kwa upole, umpe soda.

Hatua ya 8: Chagua saa, si siku tu

Vanishi ya maji hutaka joto la kati ya nyuzi 10 na 30 hivi, na hewa isiyojaa unyevu. Makueni peke yake ina hali za hewa za kutosha kukuchanganya. Kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, mwezi Juni na Julai, ukungu wa asubuhi hukaa hadi uchoke. Pale usianze kabla ya saa nne, la sivyo maji hayataondoka na utando utabaki mweupe. Kibwezi, Makindu na Mtito Andei ni kinyume chake: ikifika saa tano, tone linakauka hewani kabla ya kugusa ubao, na linafika kama vumbi. Uso wa vanishi hiyo ukiukwaruza kwa kucha utasikia msasa. Kitui mjini na Mutomo, anza saa moja asubuhi, umalize saa tatu.

Usipime joto la hewa tu. Ubao wa kahawia uliopigwa na jua la saa nane huweza kupita nyuzi 50. Weka kiganja juu yake. Ukikitoa mwenyewe bila kuamriwa, pumzika hadi kesho.

Epuka pia upepo wa Agosti, unaobeba udongo mwekundu wote wa jirani bila kumlipa, na jioni za mvua za kwanza za vuli, kumbikumbi wanapotoka. Kumbikumbi hupenda taa, na taa iko juu ya mlango wa gereji.

Hatua ya 9: Fundi, kompresa na stima

Fundi mzuri atakuja na bunduki na kompresa. Uliza maswali matatu. Kwanza, bunduki hii jana ilipuliza nini? Kama ni laka, ioshwe kwa thina, kisha spiriti, kisha maji, ndipo vanishi iingie. Vinginevyo itagandia ndani. Pili, kompresa imemwagwa maji? Hewa ikibanwa hutoa maji tangini, na kompresa chakavu huongeza oili yake humo. Tatu, kompresa ni ya rangi au ya kujazia matairi ya bodaboda? Ile ndogo itapuliza kwa dakika moja, ipumzike kwa tatu, na mlango utakuwa na ramani ya kila pumziko.

Stima itapotea. Hilo si tishio bali ni ratiba. Kuwa na jenereta, au uwe tayari kumalizia kwa brashi.

Hesabu ya vanishi nayo haisameheki. Milango miwili yenye upana wa jumla wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1 ina eneo la mita tano za mraba kila upande, kumi kwa pande zote mbili. Makoti matatu ni mita 30. Kwa brashi, lita moja ikifunika mita kumi, lita tatu zitatosha. Bunduki ya kawaida ya shinikizo kubwa hupeleka zaidi ya nusu ya vanishi pasipo mlango: kwenye mwembe, kwenye gari lililo chini ya mwembe, na kwenye mbuzi. Nunua lita sita au saba, au tafuta bunduki ya shinikizo dogo na hewa nyingi, ambayo huufikishia ubao takriban theluthi mbili.

Fundi avae barakoa ya kuchuja chembe, si ile ya kitambaa iliyobaki kutoka mwaka 2020. Vanishi hii haina harufu kali, na hilo ndilo linalowahadaa watu. Ukungu wake ukiingia mapafuni hukauka humo vilevile.

Hatua ya 10: Kupuliza

Chuja vanishi kwa soksi safi ya nailoni. Neno muhimu ni safi. Pua ya bunduki iwe ya milimita 1.3 hadi 1.8. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ubao, uende sambamba nao, na kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia. Anza kubonyeza kabla ya ukingo wa mlango, achia baada yake. Anayezungusha kiwiko kwa maringo huacha katikati palipojaa na pembeni palipokauka.

Koti la kwanza liwe jembamba. Likikauka, baada ya saa mbili hadi nne, pitisha msasa 220 kwa wepesi, futa, piga la pili. Kisha la tatu. Upepo ukianza, acha bunduki ushike brashi. Hakuna mgeni atakayejua, ila fundi atakayeona ni aibu.

Pande zote mbili za mlango zipate idadi ileile ya makoti, la sivyo upande mmoja utanywa unyevu na mwingine utakataa, na mlango utapinda. Zaidi ya yote, paka ukingo wa chini, pale vichwa vya mbao vilipo. Ndipo maji hupandia, ndipo weusi huanzia, na ndipo fundi hafiki kwa sababu hapaonekani. Lala chini umkague.

Osha bunduki hapo hapo. Maji ya kuoshea yasimwagwe kwenye sukuma wiki wala mfereji unaoelekea kwenye bwawa la mchanga linalonywesha kijiji. Yaache kwenye ndoo yatuame, takataka ikauke, itupwe.

Hatua ya 11: Kungoja

Vanishi ikikauka kwa mguso bado haijakomaa. Hutaka kama wiki tatu kufikia ugumu wake. Katika wiki hizo usiioshe, usiifunike na turubai, wala usiegemeze magunia. Hasa, ilinde milango dhidi ya wagombea. Uchaguzi ni Agosti 2027, na hakuna uso laini barabarani ambao kijana mwenye ndoo ya gundi hawezi kuuona. Bango likibanduliwa litaondoka na vanishi, na mheshimiwa hatakuja kupiga koti.

Hatua ya 12: Ambayo hakuna anayeifanya

Kila mwongozo huishia kwenye picha ya mlango unaong'aa. Huu hauishii hapo, kwa sababu jua halikuwa likipumzika ulipokuwa ukipiga picha. Andika kwa penseli, nyuma ya mlango, tarehe ya koti la mwisho. Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha, osha milango kwa maji na sabuni kidogo, ukague upande wa juu na ukingo wa chini. Uso ukiwa umefifia lakini haujapasuka, msasa mwepesi na koti moja vitatosha, kazi ya asubuhi moja. Ukingoja hadi ubambuke, utarudi hatua ya kwanza, pamoja na kuku.

Mlango wa mbao huku kwetu haupakwi vanishi mara moja ikawa basi. Hupakwa kidogo kila mwaka au miwili, kabla haujadai. Asiyetaka kazi hiyo asiagize mbao.